Maonyesho ya Vito na Madini: Namna ya Kutazama Mawe Bila Kudanganyika

Kila mwaka, tangu mwisho wa mwezi wa Januari hata katikati ya Februari, mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, nchi ya Marekani, hugeuka kuwa soko la mawe. Mji wenyewe uko katika nchi kame iliyozungukwa na milima mitupu, na jimbo hilo limejulikana tangu zamani kwa migodi yake ya shaba. Siku za maonyesho zinapofika, hema kubwa husimamishwa viwanjani, maghala hupangishwa, na katika baadhi ya hoteli vitanda huondolewa vyumbani ili meza za mawe ziwekwe mahali pake. Mtu aweza kupita mlango mmoja akaona masanduku ya kokoto ziuzwazo kwa kilo kama viazi, na akiingia mlango wa pili akaona jiwe dogo kama punje ya hindi ambalo bei yake yatosha kununua nyumba.

Maonyesho hayo yalianza kwa udogo. Mwaka 1955 chama cha wapenda mawe wa mji huo kilipata nafasi katika shule ya msingi, kikapanga meza chache, na watu wakaingia bila malipo. Wengi wa walioleta mawe yao walikuwa watu waliokusanya kwa kujifurahisha tu. Baadaye maonyesho ya chama yalihamia katika jumba kubwa la mikutano la mji, na wafanya biashara wengine wakaanzisha yao kandokando. Kwa ajili hii mgeni afikaye Tucson leo hukuta makumi ya maonyesho yanayofanyika kwa wakati mmoja, kila moja na mlango wake na desturi zake. Mengine yako wazi kwa kila mtu. Mengine ni ya wafanya biashara peke yao, na anayetaka kuingia hana budi kuonyesha hati za biashara yake.

Msomaji wa Taita au wa Arusha ana sababu nzuri ya kutaka kujua habari za soko hili lililo mbali. Katika meza zinazotazamwa sana mna mawe mawili yaliyotoka katika udongo wa Afrika Mashariki. La kwanza ni tanzanaiti, jiwe la buluu iliyochanganyika na zambarau, ambalo lilijulikana mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, si mbali na Mlima Kilimanjaro. Hata leo hakuna mahali pengine duniani palipopatikana jiwe hilo kwa wingi wa kuchimbwa kwa biashara. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania ilimtambua Bwana Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi wake. Jina la tanzanaiti lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya masonara ya Tiffany ya New York, kwa kuwa jina la kitaalamu, zoisaiti, lilifanana mno na neno la Kiingereza lenye maana ya kujiua.

La pili ni tsavoraiti, jiwe la kijani kibichi la jamii ya ganeti. Mwana jiolojia Campbell Bridges aliliona kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, na miaka michache baadaye akalipata tena upande wa Kenya, katika nchi ya Taita. Kampuni ile ile ya New York ililipa jina mwaka 1974 kwa kufuata mbuga ya Tsavo. Inasimuliwa kwamba Bwana Bridges aliishi katika nyumba iliyojengwa juu ya mti kwa kuogopa wanyama wa mwitu, na kwamba alimweka chatu awe mlinzi wa mawe yake. Aliuawa mwaka 2009 karibu na machimbo yake, wakati wa ugomvi juu ya haki ya kuchimba. Mnunuzi anayeinama juu ya meza huko Tucson hayaoni mambo hayo. Huona jiwe, mizani na karatasi yenye bei.

JAMBO LA KWANZA NI UZITO

Vito vilivyokatwa huuzwa kwa karati. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu, kirati, nalo lina asili ya mbegu za mti fulani wa nchi za pwani ya Mediterania, ambazo masonara wa kale walizitumia kupimia. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Yaani gramu moja ni karati 5, na kilo moja ni karati 5,000. Ni hesabu ndogo, lakini wako wachimbaji waliopata hasara kubwa kwa kutoijua. Muuzaji wa Tucson anapoandika bei, mara nyingi hiyo ni bei ya karati moja, wala si ya jiwe zima. Mgeni asiyefahamu hufurahi akidhani amepata jiwe rahisi, kumbe jiwe lina karati 6 na bei yake ni mara sita ya ile aliyoiona.

Tena bei ya karati moja haikai mahali pamoja. Jiwe linapokua, bei ya kila karati nayo hupanda, kwa sababu mawe makubwa yaliyo safi ni machache. Jambo hili laonekana wazi kwa tsavoraiti, ambayo ni shida kuipata ikiwa safi na yenye kupita karati 2 au 3 baada ya kukatwa. Basi mawe matatu ya karati moja moja hayana thamani ya jiwe moja la karati tatu la rangi ile ile, na mtu aliyepasua jiwe kubwa kwa nyundo ili agawane na wenzake amepoteza zaidi ya alivyodhani.

MWANGA NA KIOO

Wanaojua kazi hii hawaanzi kwa kuuliza bei. Kwanza hutazama taa. Juu ya meza nyingi huwekwa taa kali zilizochaguliwa kwa kusudi, na chini yake jiwe hafifu hung'aa kama nyota. Mnunuzi mwenye busara huomba ruhusa alipeleke jiwe dirishani, akalitazame katika mwanga wa mchana. Tanzanaiti huelekea buluu katika mwanga wa jua, na huelekea zambarau chini ya taa ya rangi ya manjano. Hakuna udanganyifu katika hilo, maana ndiyo tabia ya jiwe lenyewe; ila ni vema mnunuzi aone sura zote mbili kabla ya kutoa fedha.

Kisha hutoa kioo cha kukuza. Kioo kinachotumiwa na watu wa kazi hii kote duniani hukuza mara 10, nacho hukunjwa kikatiwa mfukoni. Jiwe hushikwa kwa kibano, kioo husogezwa karibu kabisa na jicho, na jiwe huletwa mpaka lionekane wazi. Ndani ya jiwe la asili mara nyingi huwamo alama: nyuzi nyembamba kama hariri, vijiwe vidogo vya aina nyingine vilivyomezwa wakati jiwe lilipokuwa likikua ardhini, au nyufa zilizojiponya zenyewe. Watu wengi hufikiri alama hizi ni aibu ya jiwe. Ni kweli kwamba hupunguza bei, lakini mara nyingi ndizo ushahidi kwamba jiwe limetoka ardhini. Jiwe kubwa la yakuti nyekundu lisilo na alama hata moja, na likiuzwa rahisi, yapasa kutiliwa shaka mara moja.

Maana yakuti zaweza kutengenezwa na watu, na jambo hili si jipya. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyeyusha unga maalum katika mwali wa moto mkali sana, mpaka matone yake yakajijenga kuwa yakuti. Jiwe kama hilo si kioo. Ni yakuti kweli kwa asili ya vitu vilivyomo, ila halikutoka mgodini, na bei yake ni ndogo sana. Likitazamwa kwa kioo cha kukuza laweza kuonyesha mistari iliyopinda, kama mistari ya sahani ya santuri. Jiwe la asili halina mistari iliyopinda hivyo, kwa kuwa hukua kwa pande zilizonyoka. Siku hizi ziko njia nyingine za kutengeneza mawe, hata almasi, na nyingine haziwezi kutambulikana ila katika maabara yenye mitambo ya kazi hiyo.

MAWE YALIYOFANYIWA KAZI

Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa hiyo yafaa kueleza kwa urefu. Kati ya jiwe la asili na jiwe la uongo iko njia ndefu, na mawe mengi yaliyoko mezani yako katikati ya njia hiyo.

Tanzanaiti yenyewe ni mfano mzuri. Sehemu kubwa ya mawe yanayochimbwa Mererani hutoka ardhini yakiwa na rangi ya hudhurungi, na mtu asiyeyajua angeweza kuyatupa. Yakitiwa katika tanuri dogo na kupashwa moto polepole kufikia kiasi cha digrii 500 au 600 za sentigredi, hudhurungi hutoweka na buluu hubaki. Rangi hiyo haitoki tena. Wafanya biashara wote wanajua hivyo, na hakuna anayeona kwamba amedanganywa. Vivyo hivyo jiwe la manjano liitwalo sitrini, ambalo hujaza meza nyingi, mara nyingi ni amethisto ya Brazili iliyochomwa moto ikageuka rangi. Tsavoraiti kwa kawaida haifanyiwi lo lote, ila kukatwa na kung'arishwa, na wauzaji wake hujivunia sana jambo hilo.

Zumaridi lina habari nyingine. Karibu kila zumaridi lina nyufa ndogo ndogo, na tangu zamani watu wamelitia mafuta ili nyufa zisionekane. Mafuta kidogo yamekubaliwa na desturi ya biashara. Hata hivyo mafuta hukauka, na jiwe lililonunuliwa likiwa safi laweza baada ya miaka michache kuonyesha nyufa zake zote. Kwa sababu hii zumaridi halioshwi kwa maji ya moto wala kwa mashini zinazotumiwa na masonara kusafishia dhahabu.

Jambo baya zaidi limetokea kwa yakuti nyekundu. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii masoko yamejaa yakuti hafifu zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Jiwe ambalo halikufaa kitu, lililojaa nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, hutiwa kioo hicho likaonekana jekundu na angavu. Katika baadhi ya mawe hayo kioo kimekuwa kingi mno, hata wataalamu hawakubali kuyaita yakuti peke yake. Kwa kioo cha kukuza huonekana vipovu vya hewa, na jiwe likigeuzwa polepole humeka mmeko wa buluu ndani ya nyufa. Jiwe kama hilo huharibika kwa maji ya limau, na sonara akilipasha moto ili atengeneze pete, kioo huyeyuka. Mtu aliyelinunua kwa bei ndogo akijua ni nini hakuonewa. Aliyeuziwa kwa bei ya yakuti halisi ameibiwa.

Kanuni za biashara za Marekani zinataka muuzaji aseme wazi ikiwa jiwe limefanyiwa kazi inayobadili thamani yake, au isiyodumu, au inayohitaji uangalifu wa namna ya pekee. Kwa hiyo mnunuzi haoni haya kuuliza: Jiwe hili limechomwa? Limetiwa kitu? Linatoka wapi? Tena hutaka majibu yaandikwe katika stakabadhi. Muuzaji mwaminifu huandika bila kusita. Anayecheka, au anayeanza kusifu jiwe upya badala ya kujibu, amekwisha kujibu.

KAHARABU, SANDARUSI NA FERUZI

Watu wa pwani watafurahi kujua kwamba sandarusi nayo imefika katika meza hizi. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliochimbwa kwa wingi katika mrima wa Tanganyika wakati wa karne ya 19, ukapelekwa Unguja na kutoka huko Ulaya na Marekani, kutengenezea vanishi. Kaharabu pia ni utomvu wa miti, lakini umekaa ardhini miaka mamilioni mengi mpaka ukawa mgumu. Sandarusi ni changa zaidi na rahisi zaidi, na wauzaji wengine, hasa pale inapokuwa na mdudu aliyenaswa ndani yake, huipa jina la kaharabu. Kuzitenga si kazi kubwa. Tone la spiriti likiwekwa juu ya sandarusi kwa muda mfupi, mahali pale hunata. Kaharabu haidhuriki kwa urahisi hivyo. Na kama kitu chenyewe ni kioo au plastiki nzito, kitazama katika maji yaliyokolezwa chumvi sana, ambapo kaharabu huelea.

Feruzi ni jiwe la nyumbani huko Arizona. Wenyeji wa kale wa nchi hiyo, kama vile Wanavajo na Wazuni, wanasifika kwa mapambo ya fedha yaliyotiwa feruzi. Kwa kuwa jina lao linauza, watu wengine walitengeneza mapambo viwandani wakayaita kazi ya wenyeji, hata ikatungwa sheria mwaka 1990 kukataza jambo hilo. Jiwe nalo lina mwigo wake. Iko aina ya jiwe jeupe lenye mishipa myeusi, liitwalo howlaiti, ambalo hunywa rangi kwa urahisi. Likitiwa rangi ya buluu hufanana na feruzi kiasi cha kuwadanganya wengi. Mara nyingi kitambaa kilicholowanishwa kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha, kikisuguliwa mahali pasipoonekana, hutoka na buluu.

Malakiti, jiwe la kijani lenye mistari kama ya mbao, huletwa kwa wingi kutoka Katanga katika nchi ya Kongo, ambako hupatikana pamoja na shaba. Mwigo wake ni wa plastiki. Hapa mkono watosha kuwa mtaalamu: malakiti halisi ni nzito na ya baridi, na mistari yake haifanani, plastiki ni nyepesi, hupata joto upesi mkononi, na mistari yake hurudiwa kwa namna ile ile kama kitenge.

Meza za vimondo nazo hukusanya watu, hasa watoto. Vingi vya mawe hayo yaliyoanguka kutoka mbinguni vina chuma ndani yake na huvuta sumaku, lakini vipo vitu vingi vya duniani vivutavyo sumaku, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mji wa Tucson una kimondo chake mashuhuri. Ni kipande cha chuma chenye umbo la pete, ambacho wahunzi wa mji huo walikitumia miaka mingi kama fuawe kabla ya kutambuliwa ni kitu gani. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

VIPIMO VYA UGUMU NA VYA MWANGA

Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 ngazi ya ugumu wa madini yenye daraja 10. La chini kabisa ni talki, ambayo hukwaruzwa kwa ukucha. La juu ni almasi. Ncha ya kisu na kioo cha dirisha huwa karibu na daraja la 5 na nusu, na kwatzi, jiwe jeupe linalopatikana karibu kila mahali, ni daraja la 7. Yakuti ni daraja la 9. Tsavoraiti hupita 7 kidogo, na tanzanaiti huwa kati ya 6 na 7.

Ngazi hii yaeleza jambo ambalo mnunuzi wa pete apaswa kulijua. Vumbi la nyumbani lina chembechembe za kwatzi. Kito kilicho laini kuliko kwatzi kikivaliwa kidoleni kila siku hukwaruzwa polepole na vumbi hilo hilo, kikapoteza mng'ao. Tanzanaiti yafaa zaidi kwa hereni na mkufu, na ikiwa ni pete, ivaliwe kwa sherehe. Tena ina tabia ya kupasuka upande mmoja ikigongwa, au ikibadilishwa joto kwa ghafula.

Ngazi hii haikuwekwa ili watu wakwaruze vito vya wenyewe mezani. Anayefanya hivyo atatakiwa kulipa. Kwa jiwe lililokatwa hutumika vifaa vya mwanga. Kimoja ni kijibomba kifupi kama kidole, kinachoonyesha rangi mbili za jiwe moja kwa pamoja. Tanzanaiti ikitazamwa humo hutoa buluu upande mmoja na zambarau upande wa pili; kioo cha buluu kilichotengenezwa kiwandani hutoa rangi moja tu. Kifaa hicho hakimsaidii mwenye kutafuta tsavoraiti, kwa sababu ganeti nayo huonyesha rangi moja sawa na kioo. Hapo hutumiwa kifaa kingine, chenye kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tsavoraiti husoma karibu 1.74, na zumaridi karibu 1.58. Vipimo hivi havidanganyiki kwa rangi, na kijana aliyefundishwa siku chache aweza kuvitumia.

Kwa jiwe la bei kubwa hutakiwa hati ya maabara. Mojawapo ya taasisi zinazojulikana sana ni GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Hati hueleza jiwe ni nini, lina uzito gani, na kama limefanyiwa kazi. Haielezi bei. Wauzaji wengine hutia karatasi nzuri yenye muhuri na bei kubwa iliyoandikwa, iliyotengenezwa na wao wenyewe. Karatasi hiyo haina kazi ila kumfanya mnunuzi aone amepunguziwa.

MAWE YASIYOKATWA

Mgeni atokaye Afrika Mashariki hushangazwa zaidi na meza za mawe yasiyokatwa kabisa. Hapo fuwele, yaani mawe yaliyoota ardhini yakiwa na pande zake zilizonyoka, huuzwa kama yalivyotoka, yakiwa bado yameshikamana na mwamba. Wanunuzi ni wakusanyaji na majumba ya makumbusho, na hulipa fedha ambazo sonara hawezi kuzilipa. Fuwele ya tanzanaiti iliyo kamili, au tsavoraiti iliyokaa juu ya mwamba mweusi wa grafiti, yaweza kuwa na thamani kubwa kuliko vito vyote ambavyo vingekatwa kutoka kwake.

Lakini thamani hiyo ni dhaifu mno. Pembe moja ikivunjika, bei yaweza kushuka hata nusu au zaidi. Mchimbaji anayegonga mwamba kwa nyundo ili atoe sehemu safi tu, au anayetia mawe yote katika mfuko mmoja yakagongana njia nzima mpaka mjini, huharibu bila kujua. Wanaoifahamu kazi huacha mwamba kuzunguka fuwele, huifunga kwa karatasi laini au nguo, na hutia kila moja mahali pake. Pamoja nayo hutia kikaratasi chenye jina la machimbo na tarehe. Huko Tucson kikaratasi hicho ni mali, maana mkusanyaji hutaka kujua jiwe lilitoka wapi, na jiwe lisilo na asili ni kama mtu asiyejulikana ukoo wake.

NJIA YA KUTOKA SHIMONI

Yaulizwa mara nyingi kwa nini jiwe linalouzwa kwa fedha kidogo penye shimo huonekana ng'ambo likiwa na bei kubwa hivyo. Sehemu ya jibu ni haki. Mchukue mchimbaji aliyepata jiwe la gramu 10, yaani karati 50. Fundi akilikata, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito hugeuka vumbi. Ikiwa theluthi mbili zimepotea, hubaki karati 16 hivi. Ziko gharama za kukata, ambazo kwa tanzanaiti nyingi hulipwa Jaipur katika India. Ziko za safari, za bima, za kodi, na za kukodi meza. Pengine jiwe hukaa miaka bila kununuliwa.

Sehemu ya pili ya jibu ni ujuzi. Dalali anayefika penye shimo akiwa na mizani, kioo na taa, humkuta mwenye jiwe hana hata kimoja, tena ana njaa na deni la chakula. Katika mapatano hayo bei hutajwa na mmoja tu. Faida inayopatikana hapo haikuletwa na safari wala na ufundi.

Serikali za nchi hizi mbili zimechukua hatua kwa njia mbalimbali. Tanzania ilimaliza mwaka 2018 kujenga ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo ya Mererani, na tangu mwaka 2019 imefungua masoko ya madini ambamo mawe hupimwa na kuuzwa mbele ya maofisa. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Bwana Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti, moja likipita kilo 9 na la pili likipita kilo 5, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7 za Tanzania. Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawezesha kupata kibali, jambo ambalo zamani liliwafanya wengi wajifiche kama wezi katika nchi yao wenyewe. Sheria hiyo yasema pia kwamba katika mrabaha unaolipwa kwa madini, Serikali kuu hupata asilimia 70, kaunti asilimia 20, na wananchi wa mahali penye machimbo asilimia 10.

Mjini Voi kimejengwa kituo cha vito kwa ajili ya watu wa Taita Taveta na jirani zao, kwa kusudi la kutambua mawe, kuyakata na kuyang'arisha karibu na mahali yanapochimbwa. Mchimbaji asiye na nafasi ya kwenda huko aweza kuanza kwa vitu vitatu vinavyopatikana bila gharama kubwa: mizani ndogo yenye kusoma gramu kwa sehemu za mia, kioo cha kukuza mara 10, na tochi. Aandike uzito wa kila jiwe katika daftari kabla ya kulionyesha kwa mtu, alioshe kwa maji matupu, alitazame ndani kwa tochi akiwa gizani, na akiwa na jiwe kubwa au lenye pande kamili asiligonge mpaka amepata maoni ya watu wawili wasiojuana.